Kipepeo Aliyezagaa na Jamaa Zake Adimu

Msikilizaji, mvua za Septemba zikishagusa vilima vya Gashoho, huku Muyinga nchini Burundi, kwenye kingo za mashamba ya kahawa na kando ya vijia vinavyoteremka mabondeni huonekana kipepeo ambaye hakuna mtoto asiyemjua. Ana rangi ya chungwa iliyokolea. Ncha za mbawa zake za mbele ni nyeusi, na juu ya weusi huo umekatiza mkanda wa madoa meupe. Huruka polepole, kwa madaha, kiasi kwamba hata mama anayepita na ndoo ya maji kichwani humtazama vizuri bila kusimama. Watoto humkamata kwa mkono mtupu. Akiachiwa, huenda zake kana kwamba hakuna lililompata.

Wataalamu humwita Danaus chrysippus, jina alilopewa na Msweden Carl Linnaeus mwaka 1758. Makazi yake ni mapana ajabu: karibu Afrika yote, Uarabuni, hadi kusini mwa Asia. Wamisri wa kale walimjua. Kwenye picha iliyotolewa katika kaburi la Nebamun huko Luxor, iliyochorwa takriban miaka 3,400 iliyopita na ambayo sasa imo British Museum mjini London, vipepeo hawa wanaruka juu ya mafunjo wakiwa wamechanganyika na ndege. Mchoraji aliwapatia rangi vizuri hata leo wanatambulika mara moja.

Kipepeo wa kawaida namna hii kwa kawaida hana wa kumzungumzia. Watu hupenda habari za viumbe adimu, walio hatarini, walio wazuri kupita kiasi. Lakini huyu aliyezagaa ana jamaa, na wengi wao ni wachache kuliko yeye. Wingi wake ndio unaowapangia wengine sura watakayovaa, ndio unaowakinga wasiliwe, na mahali pengine ndio unaowavuruga hadi ukoo ukakosa madume. Mambo hayo yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa ya uchunguzi ilifanyika hapa hapa kwetu Afrika Mashariki: Entebbe, Kampala, Dar es Salaam, Nairobi.

Tuanze na kiwavi, maana siri ya mzazi wake iko tumboni mwake. Aliyewahi kuinama kwenye shamba lililolazwa akafunua majani ya Gomphocarpus, ule mmea wa porini unaotoka utomvu mweupe ukikatwa, wenye matunda ya kijani yaliyovimba na kuota vinywele, huenda ameshamwona. Mwili wake umezungukwa na mistari myeusi, myeupe na ya njano, na mgongoni ana jozi tatu za pembe nyeusi, laini. Hana haja ya kujificha. Kabla ya kula jani hutafuna kwanza mshipa wake mkubwa hadi utomvu upungue na jani lilegee, ndipo anapolishambulia taratibu. Mifugo huuepuka mmea huo, na ina sababu: katika utomvu wake mna sumu za kundi la kadinolaidi, zinazoushika moyo, za jamii moja na dawa ya dijitalisi ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo sana.

Kiwavi hadhuriki. Huihifadhi sumu hiyo mwilini, na baadaye pupa akishaning'inia chini ya jani na kipepeo akachomoza, bado imo. Dume huongezea na yake: hutafuta mimea ya Heliotropium na marejea iliyonyauka, akafyonza humo alkaloidi anazozitumia kutengeneza harufu ya kumbembeleza jike.

Katika miaka ya 1960 mwanabiolojia Lincoln Brower wa Marekani alimlisha ndege mmoja wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya ya bluu, kipepeo Danaus plexippus, ambaye ni binamu wa yule wa Gashoho. Baada ya muda mfupi ndege akatapika. Tangu siku hiyo, alipoonyeshwa kipepeo mwenye sura ile, hakutaka hata kumsogelea. Picha za ndege yule akitapika zimechapishwa katika vitabu vingi vya shule duniani, na hapana shaka kuna wanafunzi wanaozikumbuka kuliko kitu kingine chochote walichofundishwa darasani mwaka huo.

Hapo ndipo jamaa wanapoingia.

Mwingereza Henry Walter Bates alikaa katika misitu ya Amazon tangu mwaka 1848 hadi 1859 akikusanya wadudu. Aligundua kwamba vipepeo fulani wasio na sumu walikuwa wamefanana na wenye sumu kiasi cha kumdanganya hata yeye, aliyewashika kwa maelfu. Mwaka 1862 alichapisha maelezo yake: ndege akishaonja mwenye sumu na kujuta, humwepuka pia asiye na sumu mwenye sura ileile. Huo ni utapeli wa noti bandia. Bandia hupokewa sokoni kwa sababu halali ni nyingi na watu wameziamini. Siku bandia zikizidi halali, kila mwenye duka huigeuza noti juani kabla ya kuipokea, na mwenye halali naye anasumbuliwa. Kwa hiyo waigaji hufaidi wakiwa wachache, na wanaoigwa wakiwa wengi.

Mwigaji mkuu wa kipepeo wetu wa chungwa ni Hypolimnas misippus. Wote wawili ni wa familia moja kubwa, Nymphalidae, ila ni jamaa wa mbali. Dume wa misippus hajishughulishi kumwiga yeyote: ni mweusi, na kila ubawa una doa kubwa jeupe lililozungukwa na mng'ao wa zambarau. Ukimwona dume na jike pamoja hutaamini ni mke na mume, kwani jike amevaa chungwa, ncha nyeusi na mkanda mweupe, Danaus mtupu. Viwavi wake hawagusi mimea yenye sumu; hula magugu ya kawaida ya bustanini, kama Portulaca ile yenye majani manene inayotambaa kati ya mistari ya mboga. Hana silaha yoyote. Kinachomkinga ni sura ya kuazima.

Na si sura moja. Danaus chrysippus mwenyewe amegawanyika matawi yanayotofautiana rangi. Liko lile la kawaida la chungwa na ncha nyeusi. Liko alcippus la Afrika Magharibi, ambalo mbawa zake za nyuma ni nyeupe. Liko dorippus la nchi kame za Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya, chungwa tupu lisilo na ncha nyeusi wala mkanda mweupe. Liko orientis la kusini, lenye mbawa za mbele za kahawia iliyoiva. Jike wa misippus naye ana mitindo yake: mmoja unamwiga wa kawaida, mwingine unamwiga dorippus, na mwingine unaelekea kwenye weupe wa alcippus. Kipepeo asiye na akili ya kupanga lolote amefuata kila badiliko la yule aliye wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Smith, mtafiti Mwingereza aliyekuwa Dar es Salaam, aliwafuatilia wawili hao msimu hadi msimu. Mwaka 1973 alichapisha matokeo yake katika jarida la Nature. Aliona jambo ambalo halikutarajiwa: kwa vipindi fulani Danaus wa Dar es Salaam walikuwa wakipendelea kupandana na wenzao wasiofanana nao rangi, badala ya kila mmoja kumtafuta wa sura yake. Pia idadi ya kila mtindo ilipanda na kushuka kufuata majira, kwa kuwa vipepeo hawa husafiri na mvua. Smith aliendelea nao kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 2014 akatoa kitabu kizima kuhusu ukoo huu. Kuna watu wanaofanya utafiti, na kuna watu wanaooana na utafiti.

Lakini haifai kuifanya habari hii nyepesi kuliko ilivyo. Ule mtindo wa misippus unaomwiga dorippus unapatikana pia Ghana, ambako dorippus hayupo. Ndege wa huko wanadanganywa na nakala ya kitu ambacho hawajapata kukiona. Tena wenye sumu wenyewe hawalingani: vipimo vya vipepeo wa Ghana, vilivyochapishwa mwaka 1975 na Brower pamoja na Malcolm Edmunds, vilionyesha kuwa wako Danaus wasio na ile sumu ya moyo. Yote hutegemea kiwavi alilelewa kwenye mmea gani. Hivyo hata ndani ya ukoo unaoigwa wamo wanaoishi kwa jina la ndugu zao.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya walio wengi ulitoka visiwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa vya Ssese. Daktari kijana, Geoffrey Hale Carpenter, alipelekwa huko kuchunguza mbung'o. Alifanya kazi yake, lakini jicho lake lilikuwa kwa vipepeo. Alikuwa hata na kima aliowapa wadudu mmoja mmoja, akiandika yupi ameliwa, yupi amenuswa, yupi ametupwa.

Katika misitu ya bara, karibu na Entebbe, Carpenter alimkuta kipepeo Pseudacraea eurytus akiwaiga vipepeo wa Acraea wenye ladha mbaya. Kila mtindo wake ulikuwa safi, umefanana na yule unayemwiga, na waliokuwa katikati, wenye sura zisizoeleweka, walikuwa wachache sana. Acraea walikuwa tele huko. Kwenye visiwa mambo yaligeuka. Acraea walikuwa haba, Pseudacraea walikuwa wengi, na sura zao zilivurugika: huyu ana ubawa wa mtindo mmoja na rangi ya mtindo mwingine, yule hafanani na yeyote. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba bara ndege waliokwisha kufundishwa na Acraea waliwala wale wasiofanana vizuri, hivyo mitindo ikabaki safi. Visiwani hakukuwa na mafunzo hayo. Mwalimu alipopungua, mwigaji alilegea. Carpenter aliandika kitabu kuhusu maisha yake ziwani kilichotoka mwaka 1920, na mwaka 1933 akawa profesa Oxford.

Maji ya mto Ruvubu, unaokatiza mashariki mwa Burundi na kupita katika hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo, huingia Kagera na kuishia katika ziwa hilohilo la Carpenter. Anayesikiliza akiwa Muyinga asione habari za Ssese kuwa za ng'ambo.

Hadi hapa kuna anayefaidi na anayefaidiwa. Liko kundi lingine la jamaa ambao uhusiano wao na Danaus ni wa haki zaidi. Hao ni Acraea encedon na pacha wake Acraea encedana, vipepeo wadogo kuliko Danaus, ambao nao wana mitindo inayolingana na matawi yote ya chrysippus: wa ncha nyeusi, wa mbawa nyeupe, wa chungwa tupu. Kwa miaka mingi watu hawakujua kuwa ni spishi mbili. Encedana alitengwa mwaka 1976 na Mfaransa Jacques Pierre. Acraea wana ubaya wao wenyewe wa ladha. Wanapovaa sura moja na Danaus, kila mmoja humsaidia mwenzake kumfundisha ndege, na gharama ya somo inagawanywa. Mjerumani Fritz Müller aliieleza hesabu hiyo tangu mwaka 1879. Lakini hata katika ushirika huo mwenye wengi ndiye anayeweka sare, na wachache huifuata.

Acraea encedon ana balaa lake. Denis Owen, aliyefundisha Makerere katika miaka ya 1960, alishangaa kukuta karibu na Kampala makundi ya kipepeo huyu yenye majike karibu watupu. Jibu lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Francis Jiggins na wenzake walipoonyesha kuwa majike hao wamebeba bakteria wa Wolbachia. Bakteria huyu hurithiwa kutoka kwa mama kupitia yai, hivyo dume kwake ni njia iliyoziba, naye huwaua watoto wa kiume wangali ndani ya yai. Nchini Uganda zaidi ya asilimia 90 ya majike wa encedon walikutwa wameambukizwa. Kilichofuata ni kinyume cha dunia: majike hukusanyika penye nyasi vileleni mwa vilima, mahali pasipo na chakula wala mmea wa kutagia, wakingoja dume apite. Dume mmoja hugombewa na wengi, na majike wengi huondoka bila kupandwa.

Danaus chrysippus naye hakuokoka. Mwaka 2000 ilithibitishwa kuwa ana bakteria wake muuaji wa madume, Spiroplasma. Hapa habari inageuka kuhusu jamaa wa karibu kabisa, yaani yale matawi yake mwenyewe.

Matawi hayo hayachanganyiki ovyo barani kote. Kila moja lina eneo lake: la magharibi, la kusini, la kaskazini-mashariki. Afrika Mashariki na Maziwa Makuu ndipo yanapokutana. Nairobi ni mahali maarufu: kwenye uwanja mmoja wenye Gomphocarpus mtu anaweza kumkuta dorippus wa chungwa tupu, wa kawaida mwenye ncha nyeusi, na machotara wa kila namna. Watafiti wengi wamefanya kazi huko, akiwemo Ian Gordon, aliyeanzisha mwaka 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, ambapo wanavijiji jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga pupa na kuwauza kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani.

Katika vipepeo jike ndiye mwenye kromosomu za jinsia mbili tofauti. Moja, iitwayo W, hutoka kwa mama kwenda kwa binti tu. Mwaka 2016 timu ya Smith na Gordon, iliyokuwa na Wakenya pamoja na watafiti wa Ulaya, ilieleza kuwa katika eneo la mkutano kromosomu inayobeba rangi ya mbawa imeungana na hiyo W. Mwaka 2020 timu nyingine, ikiongozwa na Simon Martin wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ilisoma jeni zote na kukuta jambo zito zaidi. Kromosomu hiyo iliyoungana imeenea katika eneo la mkutano ndani ya takriban miaka 2,200 tu, na imesafiri bega kwa bega na Spiroplasma. Binti anarithi kwa mama bakteria na kromosomu kwa pamoja, na kwa kuwa chembe za jike wa kipepeo hazichanganyi kromosomu za pande mbili, kifurushi hicho hakifunguki. Kila jike aliyeambukizwa ana nakala ileile ya jeni za rangi.

Jeni hizo hushindwa na za baba. Kwa hiyo rangi ya kizazi kijacho haiamuliwi na majike waliopo. Huamuliwa na madume wanaokuja. Na madume wa kienyeji wameuawa ndani ya mayai. Wanaopandana na majike ni wahamiaji wanaoletwa na upepo na mvua kutoka nje ya eneo. Mvua zikileta dorippus kutoka nchi kame, mabinti wa msimu unaofuata hufanana na dorippus. Wakija wa kusini, sura hubadilika tena. Misippus anayejaribu kumwiga mwenye kubadilika hivi ana kazi ngumu, na pengine hapo ndipo penye sababu mojawapo ya mitindo yake mingi isiyotulia.

Wako wanaosema kuwa Spiroplasma anazuia matawi haya kuwa spishi kamili, na wako wanaosema kinyume, kwamba kifo cha madume chotara ni ukuta unaoyatenga. Ubishi haujaisha. Jambo lililo wazi ni kwamba tawi dogo likikutana na kubwa lenye bakteria, dogo ndilo linalopoteza: mabinti wao huingia ukoo wa mama aliyeambukizwa, na wana wao hawaanguliwi.

Hali kama hiyo inaweza kupinduka, tena upesi. Katika visiwa vya Samoa, kwenye Bahari ya Pasifiki, Hypolimnas bolina, ndugu wa karibu wa misippus wetu, alikuwa na Wolbachia muuaji wa madume. Mwaka 2001 madume walikuwa asilimia 1 tu ya vipepeo. Kufikia mwaka 2006, vizazi takriban 10 baadaye, walikuwa wamefika karibu asilimia 40, kwa sababu jeni ya kumzuia bakteria ilikuwa imeenea. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2007, na ni miongoni mwa mabadiliko ya kurithi ya haraka zaidi yaliyowahi kushuhudiwa porini.

Sasa turudi vilimani kwetu. Muyinga, ambayo tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, na Gitega upande wa kati, ni nchi za kilimo. Kila mahali pamelimwa: kahawa, migomba, maharage, mihogo. Kwa Danaus chrysippus hilo si msiba hata kidogo. Gomphocarpus hupenda udongo uliovurugwa na jembe, barabara mpya, shamba lililolazwa. Mkulima akisafisha msitu, kwa kipepeo huyu anapanua nyumba. Anayeumia ni jamaa zake wa kivulini, kama Amauris, vipepeo weusi wenye madoa meupe ambao ni wa kabila moja na Danaus, wenye sumu vilevile, na wenye waigaji wao. Papilio dardanus, asiye wa familia hiyo, ana majike wanaowaiga Amauris na majike wengine wanaomwiga chrysippus. Roland Trimen wa Afrika Kusini ndiye aliyeonyesha mwaka 1869 kuwa majike hao wote, walivyo tofauti, ni spishi moja. Msitu ukiondoka na Amauris akapungua, sare yake haina tena wa kuitetea, na jike aliyeivaa hubaki analengwa.

Hii ndiyo sababu ulinzi wa vipepeo adimu hauwezi kuishia kwa adimu wenyewe. Mtu anayetaka misippus abaki katika bustani za Gashoho anahitaji Danaus wa kutosha kwenye kingo za mashamba, na Danaus anahitaji vichaka vichache vya Gomphocarpus visivyong'olewa wala kunyunyiziwa dawa. Mmea huo usiachwe malishoni, kwa kuwa unaweza kudhuru mifugo. Lakini ukingo wa barabara, mgongo wa korongo na pembe ya shamba isiyolimika havimgharimu mkulima kitu.

Kuna pia kazi ambayo Burundi iko mahali pazuri pa kuifanya, katikati ya matawi ya magharibi, ya kusini na ya mashariki. Haihitaji maabara. Dume wa Danaus chrysippus ana madoa meusi manne katikati ya ubawa wa nyuma, na moja kati ya hayo ni mfuko wake wa harufu. Jike ana matatu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuwatenganisha kwa kuhesabu. Madume wakiwa karibu nusu, afya ipo. Wakipungua mno msimu baada ya msimu, Spiroplasma anashukiwa.

Walimu wa Gashoho, Muyinga na Gitega wenye nia waanze mvua za Septemba zitakaporudi. Waandike tarehe, mahali, dume au jike, ncha nyeusi ipo au haipo, mbawa za nyuma ni za chungwa au nyeupe. Wamwandike na misippus kila anapoonekana, jike wa chungwa na dume mweusi. Kipepeo ashikwe kwa kukunjwa mbawa taratibu, ahesabiwe, kisha aachiliwe palepale alipokamatwa.